Vijiji vya Jina Moja na Sanamu za Vilimani katika Uingereza

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa kawaida wa chama)



Halmashauri imeniagiza kusema juu ya vijiji vya Uingereza vyenye kushiriki jina moja, na juu ya sanamu kubwa zilizochorwa vilimani karibu na baadhi ya vijiji hivyo. Yamkini wako wanaojiuliza karani wa huku ana shauri gani na vijiji vya huko. Nitajibu kabla sijaulizwa. Habari hii ni habari ya majalada: ya mambo yaliyoandikwa na yasiyoandikwa, na ya hukumu ambayo wenye elimu waliikata kwa haraka, kwa sababu tu daftari lilikuwa kimya.

Nitaanza na majina. Mkifungua ramani ya Uingereza mkatafuta kijiji kiitwacho Uffington, mtakiona katika jimbo la Lincolnshire, karibu na mji wa Stamford. Mkiendelea kutafuta mtakiona kingine katika Shropshire, mwendo mfupi tu toka mji wa Shrewsbury. Cha tatu kiko Oxfordshire, chini ya safu ya vilima, na hicho ndicho chenye sanamu. Wilmington ni vivyo hivyo. Kuna Wilmington ya Kent, jirani na Dartford. Kuna ya Devon, jirani na Honiton. Na kuna ya Sussex ya mashariki, ambayo nayo ina sanamu yake.

Wachunguzi wa majina hutuambia kwamba sababu yake ni nyepesi. Wasaksoni, ambao lugha yao ndiyo iliyozaa Kiingereza, walipoingia katika nchi ile miaka 1,500 iliyopita hivi, walikuwa wakiita mahali kwa jina la mtu mwenyewe, kama sisi tusemavyo “Kwa Fulani”. Mwisho ule wa “-ton” maana yake ya kwanza ilikuwa shamba lenye makao, kisha ukawa kijiji. Basi Uffington ni kwa mtu aliyeitwa Uffa, na Wilmington ni kwa mtu aliyeitwa Wighelm, au jina la kukaribia hilo. Mabwana hawa hawakuwa wafalme, wala hatuna habari yao nyingine yo yote. Tena Uffa wa Shropshire hana haja ya kuwa ndiye Uffa wa Oxfordshire. Majina yale yalikuwa ya kawaida, na kila mmoja alikuwa na shamba lake. Wenzangu wa masjala, mnaojua ni barua ngapi zimeandikiwa “Majengo” bila kutaja Majengo ya mji gani, mtaelewa kwa nini Mwingereza mwangalifu hataji Uffington asiongeze jina la jimbo.

Walakini hata jimbo halitoshi siku zote. Uffington yenye sanamu ilikuwa katika jimbo la Berkshire kwa mamia ya miaka. Mwaka 1974 mipaka ya majimbo ilibadilishwa kwa sheria, na kijiji kile, pamoja na kilima chake, kikahesabiwa kuwa cha Oxfordshire. Hakikusogea hata hatua moja. Mtu akitafuta habari zake katika vitabu vya zamani hana budi kufungua Berkshire, na katika vitabu vya sasa afungue Oxfordshire; asiyeijua habari ya 1974 atadhani ni vijiji viwili.

Wilmington ya Sussex nayo imekuwa na safari ya ajabu. Bwana mmoja mkubwa wa Serikali, jina lake Spencer Compton, aliyekuwa Waziri Mkuu tangu 1742 hata 1743, alipopewa cheo cha ubwana alikiita kwa jina la kijiji hicho. Kwa heshima yake miji miwili ya Marekani ikaitwa Wilmington, mmoja katika Delaware na mwingine katika North Carolina. Leo mtu akisema Wilmington, watu wengi wa dunia huufikiri mji wa Marekani wenye mabenki; kijiji chenyewe kilichotoa jina kina kanisa la kale, mabaki ya nyumba ya watawa, na nyumba chache.

Sasa nije kwenye sanamu.

Vilima vingi vya kusini mwa Uingereza vimefanyika kwa mwamba mweupe, laini, mithili ya chaki ya ubaoni. Juu ya mwamba huo pana udongo kidogo tu, na majani mafupi yaliwayo na kondoo. Mtu akiondoa majani na udongo, weupe hutokea mara moja, nao huonekana toka mbali. Kwa njia hiyo watu wa kale walichora sanamu ubavuni mwa vilima, kubwa kiasi ambacho mtu aliyesimama juu yake haoni sanamu, ila huona njia nyeupe tu zinazopinda huku na huku.

Sanamu ya Uffington ni Farasi Mweupe. Urefu wake ni futi 360 hivi. Hakuchorwa kwa kukwangua juu juu: wachoraji walichimba mifereji, wakaijaza chaki iliyopondwa. Umbo lake ni la mistari michache, jembamba, lenye mbio, na miguu yake miwili imeachana kabisa na mwili. Wako waliosema si farasi, ni mbwa au joka. Chini yake pana kilima kidogo kiitwacho Kilima cha Joka, ambacho kileleni pana kipara kisichoota majani. Wenyeji husimulia kwamba hapo ndipo Mtakatifu George alipomwua joka, na damu yake ikaiunguza nchi. Mwendo wa maili moja na zaidi toka hapo liko kaburi la mawe la kale mno, lililojengwa zaidi ya miaka 5,000 iliyopita. Zamani ilisemwa kwamba mhunzi asiyeonekana hukaa humo, na msafiri akiacha farasi wake na sarafu juu ya jiwe, atakaporudi atamkuta farasi amekwisha kupigwa viatu. Sielezi hadithi hizi ili mzisadiki. Nazieleza kwa kuwa kwa muda mrefu hizo ndizo zilizokuwa maelezo ya pekee yaliyopatikana.

Mwaka 1738 mwanachuoni mmoja wa Oxford, Francis Wise, aliandika kwamba Farasi ni ukumbusho wa ushindi wa Mfalme Alfred na ndugu yake juu ya Wadeni, katika vita vya Ashdown vya mwaka 871. Maneno yake yaliwapendeza watu, maana Alfred ni mfalme apendwaye, na vita vile vilikuwa katika nchi ile ile. Yakarudiwa katika vitabu hata yakawa kama kweli. Ndipo katika miaka ya 1990 wataalamu wa Oxford wakachimba, wakapima udongo wa chini kabisa wa mifereji, wakaona kwamba Farasi alichorwa kati ya mwaka 1380 na mwaka 550 kabla ya kuzaliwa Kristo.

Ndugu wanachama, yafikirini maana yake. Alfred alipopigana, Farasi alikuwa amekwisha kukaa kilimani miaka zaidi ya 1,400. Uffa alipoweka shamba lake hapo chini, alimkuta. Waliomchora hawakusema Kiingereza, wala hawakuwa na maandishi yo yote. Baadaye wakaja Warumi wakatawala karibu miaka 400, wakaondoka, wakaja Wasaksoni na lugha mpya, ikaja dini ya Kikristo, wakaja Wanormani. Na muda huo wote sanamu ile ilikuwa haina budi kusafishwa, kwa kuwa majani huanza kuingia katika chaki baada ya miaka michache tu, na ikiachwa kwa vizazi viwili vitatu hufunikwa isionekane tena. Kwa hiyo ni lazima watu wawe walikwea kilima kile na zana mikononi, mara kwa mara, kwa muda wa karibu miaka 3,000. Watawa wa Abingdon, waliokuwa na ardhi hapo, walikitaja kilima cha Farasi Mweupe tangu karne za 11 na 12. Lakini juu ya kazi ya kumsafisha, maandishi hayaanzi hata karne ya 17. Zaidi ya miaka 2,000 ya kazi, na hakuna karani aliyeandika hata mstari mmoja!

Ile kazi ilikuwa pia sikukuu. Walipokwisha kukwangua na kujaza chaki, wanavijiji walifanya michezo: miereka, mapigano ya fimbo, mbio za farasi, na kuviringisha jibini kubwa kama gurudumu katika bonde lenye mteremko mkali, vijana wakiikimbilia. Thomas Hughes, yule aliyetunga kitabu cha Tom Brown ambacho wengine wenu walikisoma shuleni, alizaliwa katika Uffington mwaka 1822, naye alitunga kitabu kingine kizima juu ya sikukuu ya mwaka 1857. Hiyo ilikuwa ya mwisho katika sikukuu kubwa. Baadaye Farasi alisahauliwa kidogo, akaanza kufifia. Wakati wa vita ya pili ya dunia alifunikwa kusudi kwa majani na matawi, marubani wa Kijerumani wasimtumie kujua njia. Vita vilipokwisha akafunuliwa.

Juu ya uzee wa Farasi hakuna shindano tena. Shindano liko kwa majitu mawili, na hapa ndipo ninapowaomba mnisikilize kwa uangalifu zaidi.

Jitu la kwanza liko Wilmington ya Sussex, nalo huitwa Mtu Mrefu. Kimo chake ni futi 235, amesimama wima, mkono huu na mkono huu ameshika fimbo ndefu kuliko yeye. Hana uso. Wenyeji walisema kwamba majitu mawili yalikaa juu ya vilima viwili yakitupiana mawe, na moja likaangushwa. Basi huo ni mchoro wa maiti yake. Watu wa elimu nao walikuwa na hadithi zao. Wengine walisema ni mungu wa Wasaksoni, wengine wakasema ni wa kabla ya Warumi. Karibu kila mtu alikubali kwamba ni wa kale sana.

Jitu la pili liko Cerne Abbas, katika jimbo la Dorset. Huko nako majina hushirikiana, ila kwa njia nyingine: mto Cerne umevipa jina vijiji vitatu, Cerne Abbas, Up Cerne, yaani ya juu, na Nether Cerne, yaani ya chini. Neno Abbas lilitiwa kwa ajili ya mkuu wa nyumba ya watawa iliyowekwa pale mwaka 987. Jitu hilo lina futi 180, na mkononi limeinua rungu kubwa lenye mafundo. Yu uchi kama alivyozaliwa, wala sitaeleza zaidi mbele ya baraza hili.

Katika habari za Jitu la Cerne, wachunguzi walipekua majalada kwa bidii ya kusifiwa. Watawa walikaa chini ya kilima kile zaidi ya miaka 550, hata nyumba yao ilipofungwa mwaka 1539, na katika maandishi yao hakuna Jitu. Mwaka 1617 mpimaji hodari, John Norden, aliipima ardhi ya Cerne na kuandika alichokiona, hakuandika Jitu. Habari ya kwanza hupatikana mwaka 1694, katika hesabu za wazee wa kanisa, ambao walilipa shilingi 3 kwa kulitengeneza. Kwa hiyo wengi walikata shauri: halikuwapo mwaka 1617, lilikuwapo 1694, basi lilichorwa katikati. Hata mchoraji wakamtafuta. Wakasema ni Denzil Holles, mwenye ardhi ile, na ya kwamba alilichora kumdhihaki Oliver Cromwell, ambaye watu walimlinganisha na Hercules mwenye rungu. Ni hoja safi. Mimi mwenyewe kama ningaliletewa jalada lile nisahihishe, ningalitia alama ya kukubali.

Kisha wakaja wapimaji wa udongo. Njia yao nitaieleza kwa ufupi. Chembe za mchanga zikifunikwa zisione jua, huanza kuweka akiba ya nguvu itokayo katika miale ya asili ya ardhi inayozizunguka. Zikionyeshwa nuru tena, huitoa akiba ile kwa kumeremeta kidogo sana, na mmeremeto huo hupimwa kwa mashine. Ni kama kitabu cha akiba cha Posta: aonaye riba, naye ajua kiwango chake, aweza kuhesabu fedha imelala muda gani. Kwa hiyo wapimaji huchukua udongo katika bomba lililozibwa, jua lisiuone hata kidogo, maana jua hufuta hesabu yote.

Huko Wilmington, mwaka 2003, wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Reading walichimba chini ya kilima na kutazama vipande vya chaki vilivyoporomoka toka juu. Waliona kwamba mteremko ulikuwa umetulia muda mrefu, kisha katika karne ya 16 au ya 17 chaki nyingi ikaanza kushuka, kama ambavyo ingekuwa kama watu wangaliukata ubavu wa kilima wakati huo. Mchoro wake wa kwanza tulio nao ni wa mpimaji John Rowley, wa mwaka 1710. Basi Mtu Mrefu, aliyedhaniwa kuwa mzee wa wazee, huenda alikuwa hajatimiza hata miaka 200 alipochorwa na Rowley.

Huko Cerne, shirika liitwalo National Trust, ambalo ndilo lililo na ardhi, lilitangaza majibu yake mwaka 2021. Jitu lililodhaniwa kuwa la siku za Cromwell lilichorwa kati ya mwaka 700 na mwaka 1100 baada ya Kristo. Hata makonokono madogo mno yaliyookotwa katika udongo yalishuhudia kwamba halikuwa la kabla ya Warumi, maana mengine yalikuwa ya namna zilizoingia Uingereza katika zama za kati.

Mzee akawa kijana na kijana akawa mzee. Yule mpimaji wa 1617, je, alikuwa mvivu? Wachunguzi hawasemi hivyo. Wao huona kwamba yamkini Jitu lilikuwa limeachwa, majani yakalifunika, na Norden alipopita palikuwa na malisho ya kondoo tu. Kisha kwa bahati watu wakaziona alama zake tena, wakalichora upya. Norden aliandika kweli alichokiona. Kosa ni la waliokuja nyuma, waliosoma ukimya wake kana kwamba ameandika, “Hapana kitu hapa.”

Hapo, Bwana Mwenyekiti, ndipo shauri langu lilipo. Kazini mwetu maneno “hakuna katika jalada” hutumika kila siku, na mara nyingi hutumika kama hukumu. Mzee huja na madai ya mpaka, au ya kisima, au ya njia ya ng’ombe ambayo baba zake waliipita. Karani hufungua kabati, haoni karatasi, na mzee hurudi nyumbani kama mtu aliyesema uwongo. Sisemi kila mzee husema kweli. Wenyeji wa Wilmington walikuwa na hadithi nzuri ya majitu, na hadithi haikuwa kweli. Nasema tu kwamba jalada lisilo na neno halijatoa ushahidi wa upande wo wote, na karani hana ruhusa ya kulijazia. Aandike, “Haikuonekana katika daftari la mwaka fulani,” akomee hapo, mwenye kuamua aende akaangalie mahali penyewe. Na wale wasemao kwamba taifa lisilokuwa na maandishi halina mambo ya kale, wapewe nauli waende Uffington.

Juu ya maana ya sanamu hizi wataalamu hawajapatana. Mwaka 2024 wanachuoni wawili walitoa rai kwamba Jitu la Cerne lilikuwa sanamu ya Hercules, na kwamba lilikuwa alama ya mahali pa kukusanyikia majeshi ya Wasaksoni wa magharibi. Baadaye watawa wakalipa jina la mtakatifu wao, Eadwold. Rai hii naiona ina nguvu, ingawa si lazima iwe ya mwisho.

Utunzaji nao huendelea kwa njia mbalimbali. Mtu Mrefu alizungushiwa matofali mwaka 1874, na mwaka 1969 matofali yakabadilishwa yakawa matofali ya saruji, nayo hupakwa rangi nyeupe. Kwa hiyo hana tena chaki katika mistari yake. Wengine hupenda hivyo kwa kuwa gharama ni ndogo. Mimi sipendi, lakini mimi si mlipa gharama. Farasi wa Uffington hutunzwa kwa njia ile ile ya kale: watu hujitolea, hupiga magoti mtelemkoni, kila mmoja na nyundo yake na ndoo ya chaki mpya, hupondaponda mpaka mstari umekuwa mweupe. Katika kupimwa ilionekana kwamba majani yalikuwa yakimnyemelea kidogo kidogo toka pembeni, hata mahali pengine mistari ilikuwa imebaki nusu ya upana wake wa asili. Mwaka 2024 wachunguzi na wafanya kazi wa National Trust waliyakata majani yale, inchi baada ya inchi, wakaufuata ukingo wa zamani kichwani na shingoni, wakamrudishia unene wake.

Bwana Mwenyekiti, hayo ndiyo niliyokuwa nayo. Nimeleta ramani ya Uingereza, iko mezani, nami niko tayari kwa maswali.